Mbao Zilizotupwa Zaweza Kuimba

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni
Masomo: Kutoka 25:1-10, Zaburi 118:19-24, Yohana 20:24-29

Leo salamu zangu za kwanza ziwafikie ninyi mlio wachache. Mwalimu, askari, muuguzi, fundi wa ujenzi, karani wa ofisi ya serikali, ninyi ambao kazi imewapeleka Lafey, Mandera, El Wak, Wajir na Garissa, hamjambo? Twajua kwamba Jumapili inapofika ninyi hukutana watu watano, au saba, katika chumba kimoja, na pengine mlango umefungwa. Hamna mnara wala kengele. Hamna kinanda. Mara nyingi hamna mchungaji. Na wengi wenu mmekwisha kujiuliza swali hili: Je, ibada yetu hapa ni ibada kamili, au ni mabaki tu ya ibada tuliyoiacha kwetu?

Swali hili ni zito, na napenda tulijibu pamoja. Ili tulijibu vizuri, nitawaomba mnifuate mpaka kwenye karakana ya seremala, tena seremala wa namna ya pekee, yule anayetengeneza gitaa kwa mikono yake, kwa mbao ambazo watu wengine wamezitupa.

Kwanza, tutazame mti.

Mtu akitaka kutengeneza gitaa, vitabu vya ufundi humwambia atafute miti ya kifahari: msprusi wa nchi za baridi kwa uso wa gitaa, mkangazi kwa shingo, na mti mgumu wa thamani kwa mgongo na mbavu. Sasa, fikirini kijana anayeishi Lafey, kule karibu na mpaka wa Somalia, katika Kaunti ya Mandera. Atazame upande huu na upande ule. Ataona nini? Ataona migunga yenye miiba, vichaka, mchanga na jua. Msprusi hakuna, mkangazi hakuna. Akiamua kwamba hawezi kuanza mpaka miti ile ifike kwa lori, huenda akazeeka bila kupiga nyimbo hata moja.

Lakini fungueni Biblia zenu, Kutoka mlango wa 25. Mungu anamwagiza Musa afanye Sanduku la Agano, kitu kitakatifu kuliko vyote vilivyokuwa katika Israeli. Je, alimwagiza alifanye kwa mti gani? Mierezi ya Lebanoni, ambayo baadaye Sulemani aliitumia, ilikuwa mbali sana. Mungu alitaja mshita. Na mshita ni nini? Wataalamu wengi wa miti ya Biblia wanakubaliana kwamba ni mgunga, mti wa jamii ile ile tunayoiona Kaskazini Mashariki ya Kenya. Ni mti wa jangwani, wenye miiba, ambao mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji. Sanduku lilikuwa la mshita. Meza ilikuwa ya mshita. Madhabahu ilikuwa ya mshita. Mbao zilizosimamisha maskani zilikuwa za mshita. Mungu alipotaka kukaa kati ya watu wake jangwani, alijengewa kwa mti uliokuwako jangwani.

Ndugu yangu uliye Lafey, litafakari jambo hili. Mungu hakuwaambia Waisraeli wangoje mpaka wafike nchi njema ndipo wamwabudu. Aliwaambia watoe walicho nacho, mahali walipo.

Na tena, mti huu wa jamii ya mgunga unajua kuimba. Kule visiwa vya Hawaii kuna mgunga mmoja uitwao koa, na zaidi ya miaka 100 iliyopita mafundi wa Marekani walikuwa wakiutumia kwa magitaa yanayosifiwa hata leo. Australia nako wana mgunga wao wa mbao nyeusi-nyeusi, nao umekuwa magitaa mengi mazuri. Basi haidhuru mti una miiba. Miiba iko nje, na fundi hutafuta kilichomo ndani.

Kuna na mti mwingine ambao ninyi wa Garissa mnaujua kuliko mimi, nao ni mathenge. Huu hauna rafiki. Asili yake ni Amerika, na mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, ili kufunika ardhi ya machimbo. Baadaye ukapandwa Baringo na kando ya mto Tana, kwa nia njema, ili watu wapate kuni na mchanga usipeperuke. Lakini mti ule ulienea ukaziba njia, ukameza malisho, na miiba yake ikajeruhi watu na mifugo. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo walikwenda mahakamani kuulalamikia, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akaletwa awe ushahidi. Malalamiko yale yalikuwa ya haki, na mfugaji anayeung'oa shambani mwake anafanya vyema.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mwite seremala, umkatie gogo la mathenge lililonyoka kidogo. Atakuambia kwamba mbao zake ni nzito, zina rangi nzuri ya kahawia, na zikikauka hazisinyai sana wala kupindapinda kama mbao nyingine. Huko Texas, Marekani, mafundi huchukua ndugu wa mti huu, aitwaye mesquite, ambao wafugaji wa kule nao huuchukia, wakatengeneza magitaa. Kwa hiyo mti ambao mtu mmoja anaulaani, mwingine anaugonga kwa kidole, anausikiliza, na kusema, "Huu unafaa."

Je, wewe umepata kulaaniwa hivyo? Labda umeambiwa na jamaa zako kwamba huna faida. Labda ulifukuzwa kazi, au umeachwa na mume, au umerudi kutoka gerezani na watu hukupisha njiani. Zaburi ya 118 yatuambia habari ya jiwe lililokataliwa na wajenzi, ambalo Mungu alilifanya kuwa la maana kuliko yote katika jengo. Bwana Yesu alijitumia mwenyewe mfano huo. Yeye ndiye aliyekataliwa kwanza. Kwa hiyo anapomtazama mtu aliyekataliwa, hamtazami kwa mbali. Anamtazama kama mtu anayeijua hali hiyo.

Pili, tutazame ubao wenye matundu.

Mwaka 1995, huko California, fundi mmoja mwenye kiwanda cha magitaa, jina lake Bob Taylor, alichukua chaga ya mbao, zile chaga ambazo mizigo huwekwa juu yake ili ibebwe kwa mashine ghalani. Mnazijua. Hapa kwetu huzagaa nyuma ya maduka na maghala mpaka zichomwe kuni. Chaga ile ilikuwa ya mwaloni, imechakaa, na imejaa matundu ya misumari. Taylor akafanya mgongo na mbavu za gitaa kwa mbao zile, na uso wake akaufanya kwa ubao wa kawaida wa kujengea. Alitaka kuonyesha kwamba gitaa jema hutokana kwanza na mkono wa fundi, kabla ya bei ya mti. Na gitaa lile lililia vizuri, likajulikana sana kati ya wapiga magitaa.

Lakini jambo linalonigusa mimi ni hili: matundu ya misumari hayakufichwa. Angeweza kuyaziba kwa unga wa mbao na rangi hata mtu asiyaone. Hakufanya hivyo. Aliyaacha yaonekane, kila mtu ajue ubao ule ulitoka wapi.

Sasa tusome Yohana mlango wa 20. Bwana wetu amefufuka. Ameshinda mauti. Mwili wake ni mwili wa utukufu. Lakini anapomjia Tomaso, anamwonyesha nini? Anamwonyesha alama za misumari mikononi mwake, na ubavu uliochomwa. Baba wa mbinguni, aliyeweza kumfufua kutoka kaburini, aliweza pia kuziondoa alama zile. Hakuziondoa. Na kwa alama zile Tomaso alimtambua Bwana wake.

Hapa yanipasa kusema kwa uangalifu, maana najua ninaosema nao. Katika nchi hiyo ya Kaskazini Mashariki kuna misumari iliyopigiliwa ambayo hakuna mhubiri anayeweza kuieleza kwa maneno mepesi. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa karibu na Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wako wanaonisikiliza sasa ambao katika hesabu hizo yumo mtoto wao, au mume, au ndugu.

Kwako wewe, mama, sitakuambia kwamba Mungu alipigilia msumari ule ili apate kutengeneza kitu kizuri. Maneno hayo si Injili. Fundi yule wa California hakuitoboa chaga yake. Aliikuta imetobolewa na wengine. Uovu ni uovu, na Mungu hauiti kwa jina lingine. Ninalosema ni hili tu: Mungu hakuutupa ubao kwa sababu umetobolewa. Aliuokota. Na hatakulazimisha uyafiche matundu yako ndipo akupokee. Una ruhusa kuja kwake na alama zako. Una ruhusa kulia katika ibada. Yeye mwenyewe anazo alama.

Tatu, tutazame kazi ya karakana.

Watu wengine wakisikia kwamba Mungu huokota mbao zilizotupwa, hufikiri kwamba basi hakuna kazi tena. La, sivyo. Ubao uliookotwa una kazi nyingi kuliko ubao mpya. Hebu tuone kazi hizo.

Fundi akiokota ubao wa zamani, kwanza huukagua. Hupitisha sumaku juu yake, maana msumari uliobaki ndani unaweza kuvunja meno ya msumeno au kumharibia randa yake. Chaga nazo huwa zimepigwa muhuri. Zenye herufi HT zilitibiwa kwa moto, lakini zenye herufi MB zilitibiwa kwa sumu ya kuua wadudu, na fundi mwenye akili haziingizi karakanani. Kwa hiyo kuokota si kufumba macho. Mwandishi wa Zaburi ya 139 alimwomba Mungu amchunguze mpaka ndani ya moyo, aone kama kuna njia mbaya. Hiyo ndiyo sumaku ya Bwana. Kuna misumari ya zamani ndani yetu, hasira ya mwaka juzi, neno la baba lililotuumiza tukiwa wadogo, deni tulilolikana. Haionekani kwa nje, lakini siku Mungu anapotaka kututumia, inajitokeza na kuvunja kazi.

Kisha fundi huparuza. Ubao wa zamani una vanishi, mafuta, moshi na vumbi, na gundi haishiki juu ya uchafu. Unaweza kutumia gundi bora kuliko zote Nairobi, ukabana kwa jiriwa usiku kucha, na asubuhi mbao zikaachana. Ni lazima randa ipite mpaka ubao safi uonekane, ndipo gundi iingie. Mnajua kwa nini vikundi vyetu vya ibada huvunjika? Mara nyingi hatukosi upendo. Ila twataka kuunganishwa bila kuparuzwa. Twaimba pamoja Jumapili juu ya uchafu wa Jumatatu. Mwambie ndugu yako, "Nimekukosea." Hiyo ndiyo randa.

Halafu mbavu za gitaa hupindwa. Ubao huchongwa mpaka unene wake uwe kama milimita 2 tu, hulowanishwa maji, kisha hukandamizwa polepole juu ya bomba la chuma lenye moto ndani. Bila maji utaungua. Bila moto utavunjika. Ukifanya haraka, utasikia mlio mmoja tu, na kazi ya siku tatu imekwisha. Kina mama wa Kisomali wanaifahamu kazi kama hii kuliko wengi wetu. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakipinda mizizi na fito za migunga ili kujenga aqal, nyumba yao ya kuhama, ambayo hubebwa juu ya ngamia. Mwulize mmoja wao, naye atakuambia: fito haipindwi kwa hasira. Na Mungu naye hatupindi kwa hasira. Ukiona moto umekuwa mwingi maishani mwako, utafute pia maji aliyoyaweka karibu. Neno lake ni maji. Rafiki mmoja mwaminifu ni maji.

Mwisho, fundi hutia mbavu ndogo za ndani, vijiti vilivyochongwa na kugundishwa chini ya uso wa gitaa, mahali ambapo mpigaji hawezi kuviona. Uso wenyewe hauzidi sana unene wa milimita 3. Lakini nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ipatayo kilo 70, zaidi ya mfuko wa saruji. Bila vijiti vile vya ndani uso ungebonyea, na daraja la nyuzi lingeng'oka. Ndugu, mtu hubomoka kwa sababu ya kile kisichokuwako ndani, hata akiwa mzuri kwa nje. Sala ya siri, kusoma Neno kabla ya mapambazuko, kusema kweli mahali ambapo hakuna anayekuona, hivyo ndivyo vijiti vya ndani. Askari uliye kambini, unayejaribiwa na chupa na upweke, jenga mbavu za ndani kabla nyuzi hazijakazwa.

Kuna fundi mmoja wa Hispania aliyethibitisha siri nyingine. Jina lake Antonio de Torres, alizaliwa mwaka 1817 akafa mwaka 1892. Alikuwa seremala maskini, na ndiye aliyelipa gitaa la Kihispania umbo tunalolijua leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu iliyogandishwa. Naam, karatasi! Uso peke yake ndio uliokuwa wa mbao njema. Alitaka watu waelewe kwamba sauti ya gitaa hutoka hasa katika ule uso wake, ule ubao mwembamba unaotetemeka nyuzi zinapoguswa. Gitaa hilo lingaliko, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki huko Barcelona.

Basi usikate tamaa kwa sababu mbavu zako ni za karatasi. Huna elimu? Huna afya? Huna cheo kanisani? Mungu hutafuta moyo unaotetemeka anapougusa. Isaya 66 yatuambia kwamba Mungu humwangalia mtu mnyonge, mwenye roho iliyopondeka, atetemekaye kwa neno lake. Ukiwa na moyo huo, sauti itatoka.

Nne na mwisho, tutazame mbao tofauti katika gitaa moja.

Ni nadra kupata gitaa la mti mmoja tu. Uso ni mti huu, shingo ni mti ule, mgongo ni mwingine. Mmoja ni laini ili utetemeke, mwingine ni mgumu ili ustahimili. Kijana wetu wa Lafey atachukua kipande cha mathenge kwa mgongo, mguu wa dawati la shule lililovunjika kwa shingo, na ubao mwepesi wa kreti kwa uso. Tena mbao za zamani zina faida moja ambayo mbao mpya hazina: zimekwisha kukauka na kutulia. Gitaa la mbao mbichi, likichukuliwa kutoka unyevu wa Mombasa mpaka ukame wa Mandera, huweza kupasuka. Wazee wangu mnaonisikiliza, msiseme wakati wenu umepita. Kanisa linahitaji mbao zilizokwisha kutulia.

Lakini tofauti hizi zinatuleta kwenye neno gumu. Wewe Mkristo unayeishi Lafey huishi peke yako. Majirani zako wengi ni Waislamu. Baada ya yote yaliyotokea, moyo wako unaweza kuwahesabu wote kuwa kuni za kuchoma. Nataka ukumbuke tarehe 21 Desemba 2015. Basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha karibu na El Wak. Abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa kujitenga. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike wasitambulike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, naibu mkuu wa shule huko Mandera, alikuwa miongoni mwa waliopigwa risasi, naye akafa hospitalini mwezi wa Januari 2016.

Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakutazamia kumsikia katika mfano wa wema. Mimi nami namtaja mwalimu huyo, na natoa heshima. Wengi wa Wakristo waliokuwa katika basi lile walifika nyumbani kwa sababu jirani zao walikataa kuwaacha. Ikiwa Mkristo wa Lafey ataendelea kumwogopa au kumchukia kila mtu aliye tofauti naye, baada ya kulijua jambo hilo, basi sumaku ya Bwana imepata msumari.

Msifikiri pia kwamba majirani hao ni wageni wa sauti ya mbao. Wao wana kaban, ambayo watu wa pwani huiita udi, ala ya nyuzi iliyo jamaa na gitaa. Na ngamia wao huvishwa kengele ya mbao, ili mchungaji amsikie akipotea usiku. Nadhani mfano huo watufaa. Mchungaji hamjui ngamia wake kwa uzuri wa kengele. Anaijua sauti yake, anaifuata gizani, na anampata.

Sasa narudi kwenye swali la mwanzo. Watu watano katika chumba kimoja huko Lafey, bila kinanda, je, ni mabaki ya ibada? Ndiyo, ni mabaki, na Fundi wetu hufanya kazi kwa mabaki. Maskani yake ya kwanza ilikuwa ya mti wa jangwani. Jiwe lake kuu ni lile lililokataliwa. Mwanawe aliye utukufuni ana alama za misumari. Bwana wetu aliahidi kuwa kati ya wawili au watatu wakusanyikao kwa jina lake, na ninyi ni watano.

Nawaomba mfanye mambo matatu juma hili. La kwanza, kila mmoja ataje mbele za Mungu msumari mmoja uliobaki ndani yake, na kama kuna mtu wa kupatanishwa naye, aende. La pili, mtafuteni mtu mmoja mahali penu ambaye wengine wamemtupa, mkakae naye, mkanywe chai pamoja naye, kabla ya kumwambia neno lolote la dini. La tatu, imbeni. Kama yuko kijana mwenye mikono ya ufundi, mwacheni aokote mbao zake na kuanza. Wakati akifanya hivyo, pigeni makofi, gongeni debe, lakini imbeni.

Na tuombe.

Ee Bwana, Fundi wetu, wewe ambaye katika Nazareti ulijulikana kama seremala, twakushukuru kwa kuwa hukutupita tulipokuwa tumetupwa. Utukague, ututoe misumari iliyofichika. Utuparuze, ingawa inauma, ili upendo wako upate kushika. Wakumbuke waliofiwa huko Mandera na Garissa. Usiwafiche alama zao, bali ukae nao. Wabariki majirani zetu wasiokuwa wa kundi letu, hasa waliosimama nasi siku ya hatari. Walinde watumishi wako walio wachache huko Lafey. Kaza nyuzi zetu kwa kadiri tunavyoweza kustahimili, wala usizidishe. Na utuguse, ili sauti itakayotoka iwe ya sifa yako.

Amina.